Paa wa Charawe Alikuwa Amevaa Kikoi

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia kwamba juzi nilikwenda Charawe, kule Unguja, "kumwinda mzee wa watu", naomba nieleze mwenyewe, kabla hadithi haijanipa na bunduki.

Nilikwenda kumrekodi paa nunga kwa simu, na kosa ni la kusoma. Nilisoma kwamba kulungu wa Marekani, wale wenye mkia mweupe, hupenda pambizo za msitu, kwa sababu pale jua hufika chini, machipukizi laini huota kwa wingi, na maficho yako hatua chache nyuma. Ndiyo maana wanaowatafuta huanza kupeleleza nyayo na kinyesi pale msitu unapokutana na shamba, kisha huvizia alfajiri au magharibi, upepo ukiwapiga usoni. Nikaona hayo yatanitosha kumpata paa nunga. Kwamba paa wetu huyo adimu ni mnyama wa kichaka kizito cha juu ya mawe, tena hufuata kima ili ale majani na matunda wanayoyaangusha, nilikumbushwa baadaye, bila kuuliza, na kila mtu.

Basi alfajiri nikalala kifudifudi ukingoni mwa shamba la muhogo, simu inarekodi. Nyuma ya mashina kikatikisika kitu chekundu. Nikazuia pumzi. Kikainuka kidogo, kikainama tena, na pale hasa panapotakiwa ukaonekana mkanda mweupe. Paa nunga ana mwili mwekundu na mkanda mweupe matakoni. Msinicheke, ndivyo alivyoumbwa. Nikajivuta kwa viwiko, majimoto, wale chungu wakali, wakinipanda shingoni, nikainong'oneza simu kwa sauti iliyojaa mapenzi: "Mashaallah! Tazameni tako hilo."

Tako likageuka. Lilikuwa la mzee mwenye shamba, amevaa kikoi chekundu chenye mstari mweupe, na jembe mkononi.

"Shikamoo," nikasema, bado nimelala.

"Marahaba," akajibu taratibu, kama mtu anayefikiri aanzie wapi. "Umelitazama likakutosha?"

Nikaomba radhi, nikapalilia matuta mawili, nikapewa muhogo wa kwenda nao nyumbani. Paa sikumwona. Video ilikuwa kwangu peke yangu, mpaka nilipomtumia rafiki yangu nikimwomba anisaidie kufuta sauti.