Bonde la Msimbazi: Kuhamisha Watu au Kuondoa Majitaka?

Masika yakijaza Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam hurudia ubishi uleule: wakazi wahamishwe, au mitaa yao iboreshwe papo hapo walipo? Wanaotaka watu wahame wana hoja nzito. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na hakuna mtaro utakaoifanya sakafu ya mto kuwa mahali salama pa kulala watoto. Kuhusu wakazi wa Jangwani, mtaa ulio ndani ya bonde hilo, uamuzi wa kulipa fidia na kuvunja nyumba chini ya mradi wa bonde hilo, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, si rahisi kuupinga.

Tatizo huanza pale hoja hiyo inapopandishwa mteremko hadi Vingunguti, Tandale na Manzese, na kipindupindu kikatajwa kuwa ushahidi kwamba makazi holela hayakaliki. Mlipuko wa 2015 ulianza jijini mwezi Agosti, wakati wa kiangazi, kabla ya kusambaa mikoani. Mafuriko peke yake hayatoshi kuueleza. Kinachoumiza mitaa hiyo mwaka mzima ni kwamba kinyesi hakina njia ya kutoka. Lori la kunyonya majitaka haliingii katika kichochoro cha kupishana kwa mabega, kwa hiyo choo cha shimo kikijaa, mwenye nyumba huwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo na kuzika walichokitoa uani hapo hapo, au husubiri mvua kubwa, akatoboa ukuta wa shimo na kuyaachia maji yabebe. Huko ndiko kutapisha choo, na kila mpangaji anajua ni usiku gani jirani ametapisha. Kilichotoka juu huteremka mpaka kwenye visima vifupi vya walio chini, ambao hawakushirikishwa katika uamuzi huo.

Hapa upana wa kichochoro ndio unaoamua afya, na hilo lina dawa isiyohitaji tingatinga. Vingunguti kumejengwa mabomba membamba ya majitaka, yanayozikwa kina kifupi na kupita uani na vichochoroni, kwa kuwa bomba hupenya pasipopita gari. Ni kweli kwamba bomba hilo huziba mchanga na takataka zikiingia, kwamba halifanyi kazi pasipo maji ya kutosha, na kwamba mwenye nyumba asiyeishi hapo haoni sababu ya kugharimia choo cha wapangaji wake. Hizo, hata hivyo, ni kasoro za usimamizi.

Kuhamisha nako kuna gharama ya kiafya isiyohesabiwa. Waathirika wa 2011 walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, huku huduma zikifuata nyuma taratibu. Aliyekuwa akiishi kwa kibarua cha Kariakoo alilazimika kuchagua kati ya nauli na chakula, na baadhi yao walirudi mjini kupanga chumba katika mitaa ile ile, wakiongeza idadi ya watu kwenye choo kile kile.

Kwa hiyo mpaka wa kuhamishwa unapaswa kufuata kimo cha maji kilichopimwa, na juu ya mpaka huo fedha zielekezwe kwenye mabomba. Nani atauchora ni swali lisilo dogo, kwa sababu ardhi ya Jangwani imepakana na Kariakoo, na ikishakaushwa wataitaka wengi wasiowahi kulala hapo.