Ndoto ya eka tano na utulivu wa akili

Mazungumzo haya yapo karibu kila ofisi ya Dar es Salaam. Ikifika saa nane mchana watu wameshachoka, mmoja anaanza kusema akipata mafao yake tu anaondoka. Anataka eka tano Mkuranga au Kiwangwa, kisima, kuku mia wa kienyeji, mbuzi kadhaa, bustani ya mboga na sola juu ya bati. Hatanunua unga dukani, hatagombania daladala, hatapokea simu ya bosi saa tatu usiku. Ukimuuliza sababu, hakutajii faida ya kilimo. Anakwambia anataka kupumzisha akili.

Watu hawa wanastahili kusikilizwa. Jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu 5,383,728 lina namna zake za kumsaga mtu: foleni ya Mbagala, kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, mkopo wa kausha damu unaofuatiliwa kila jioni, watoto unaowaacha wamelala na kuwakuta wamelala. Aliyeishi hivyo miaka kumi akianza kuota shamba, mwili na akili vimeshamwambia kitu. Anachokitamani ni halali, na shamba linaweza kumpa sehemu yake kubwa. Ninachokihofia ni kile kipengele anachokipenda kuliko vyote: kujitosheleza, asimtegemee mtu yeyote. Hicho ndicho kinaweza kumuumiza.

Nianze na haki ya ndoto yenyewe. Mtu aliyeingia kwenye sonona hupoteza hamu ya kufanya mambo, na kadiri anavyokaa bila kufanya kitu ndivyo hali inavyozidi kuwa nzito. Njia mojawapo wanayotumia wataalamu ni kumpangia kazi ndogo ndogo za kila siku, azifanye kwa saa zake bila kusubiri hamu irudi. Shamba linampangia bila kuombwa. Mbuzi hangoji ujisikie vizuri, anataka majani. Mchicha unakuonyesha ndani ya wiki chache kama kweli ulimwagilia. Jua la asubuhi na uchovu wa mwili husaidia usingizi, na mwenye wasiwasi akilala vizuri mengine mengi hupungua makali. Ofisini mtu anaandika ripoti mwezi mzima asijue nani ameisoma. Shambani anavuna kunde, anazipika, na anamwona mwanawe akizila.

Hili halikugunduliwa leo. Juu ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili. Kazi za mikono na za shamba, ikiwamo chai, zimekuwa sehemu ya matibabu. Baada ya Uhuru, Tanzania ilijaribu vijiji vya wagonjwa wa akili, kwa mfano Hombolo karibu na Dodoma, ambako mgonjwa alilima na kuishi maisha ya kijiji badala ya kufungiwa wodini. Nigeria walikuwa wametangulia: mwaka 1954, kule Aro, Abeokuta, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa kwenye nyumba za wakulima wa vijiji vya jirani. Mgonjwa alikuja na ndugu yake, akaenda hospitali kwa matibabu, na saa zilizobaki akaishi na kufanya kazi na wanakijiji.

Huo ni ushahidi mzuri kwa anayesema shamba linatibu. Lakini tazama mgonjwa wa Aro alikuwa na nini pembeni yake. Alikuwa na ndugu, mwenye nyumba, majirani waliozoea hali yake, na hospitali ya kwenda kwa miguu. Hakuna aliyepelekwa kwenye eka tano peke yake aambiwe ajilishe. Uholanzi leo kuna mashamba zaidi ya elfu moja yanayopokea watu wenye sonona, ulemavu wa akili au wazee wanaopoteza kumbukumbu, na wengi wao hushinda pale mchana, hushika kazi wanayoiweza, kisha jioni hurudi kwao. Mavuno yakiharibika, hasara haimwangukii mgonjwa. Tukiazima ushahidi wa mashamba hayo kuitetea ndoto ya mtu mmoja na geti lake, tunachukua udongo na kuacha watu.

Sasa hesabu, kwa sababu hapo ndipo utulivu unapovurugika. Wastani wa mavuno ya mahindi kwa mkulima mdogo nchini ni kama tani moja na nusu kwa hekta, yaani takribani gunia sita kwa eka. Familia ya watu sita inayokula ugali kila siku itakuwa inakung'uta viroba kabla mwaka haujaisha, na hapo hujawagawia kuku pumba wala hujapotezea dumuzi chochote. Kwa hiyo zinahitajika eka mbili za mahindi, zenye palizi mbili kila moja, halafu maharage, mihogo na mboga. Ukisharidhika kwamba tumbo limepata lake, bado kuna vitu ambavyo havioti: chumvi, sare za shule, bima, dawa ya presha, betri ya sola ikifa. Mwaka 2022 mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipita shilingi 100,000 mpaka serikali ikaingiza ruzuku. Aliyekimbia presha ya mshahara wa mwisho wa mwezi anakutana na kipato kinachoingia mara moja au mbili kwa mwaka, na kinaitegemea mvua.

Nina rafiki, mhasibu, aliyeacha kazi akaenda kulima nyanya Mlali, kule Mvomero. Msimu wake wa kwanza nilimtembelea akanipeleka shambani kabla ya chai. Akachuma jani akaliinua kwenye mwanga: ndani yake kulikuwa na michirizi myeupe iliyopindapinda kama mtoto aliyechorachora kwa kalamu. Akageuza nyanya moja changa, akanionyesha kitundu karibu na kikonyo, kidogo kiasi kwamba nisingekiona mwenyewe. Ni kantangaze, mdudu aliyetoka Amerika Kusini na kuingia nchini mwaka 2014. Alikuwa amebadilisha dawa tatu, na kila duka la pembejeo lilimwambia lake. Usiku alikuwa anaamka anatoka na tochi kwenda kukagua matuta, ambako gizani hakuna la kufanya. Mjini alikuwa halali kwa ajili ya ripoti za bosi, Mlali akawa halali kwa ajili ya nyanya, tena bila mshahara.

Kilichomsaidia kilitoka nje ya uzio. Mzee wa jirani alimfundisha kung'oa na kufukia mimea iliyoshambuliwa, akamwonyesha mitego, akamwingiza kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Msimu uliofuata walipeleka mzigo sokoni kwa pamoja, maana mkulima mmoja na matenga yake hana sauti mbele ya dalali. Anayeuza viazi au vitunguu anaijua lumbesa: gunia linashonewa kilemba juu, uzito unazidi, bei inabaki ile ile, na ingawa sheria ya vipimo inakataza, aliyesimama peke yake barabarani na mzigo unaoelekea kuoza hukubali. Rafiki yangu leo analala. Ukimuuliza kwa nini, anaanza kutaja watu kabla hajataja shamba.

Wapo watakaonijibu kwamba babu zetu walijitosheleza na hawakuwa na msongo. Sikubaliani na nusu ya kwanza, na ile ya pili hakuna aliyeipima. Watu wa bara walifuata chumvi ya Uvinza kwa safari za siku nyingi. Upareni na Usambaa waliitana msaragambo kuchimba mifereji na kutengeneza njia, na sehemu nyingi nchini aliyetaka kulima eneo kubwa alipika pombe akaalika watu. Kaya iliyojitenga na mialiko hiyo ilihesabiwa kuwa na tatizo. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoifanya kujitegemea kuwa sera ya taifa, lilizungumzia nchi na vijiji vinavyofanya kazi pamoja, kamwe si mtu na ukuta wake. Na ilipofika Operesheni Vijiji, mwaka 1973 hadi 1976, wengi wakahamishwa kwa nguvu, tukaona upande mwingine: kijiji kile kile, ardhi ile ile, kikawa chanzo cha uchungu kwa sababu aliyehamia hakuchagua. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi ikawakamata wasio na kazi mijini na kuwarudisha mashambani, na wengi wakarudi mjini. Kuchagua ni sehemu kubwa ya nafuu anayoipata anayehamia shamba leo. Kwa hiyo mke au watoto wanaosombwa na ndoto ya baba hawawezi kutarajiwa kupona kwa dawa yake.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndoto hii husimuliwa zaidi na wanaume. Nani anachota maji kisima kikikauka mwezi wa tisa? Nani anatafuta kuni, anapukuchua mahindi, anaangalia vifaranga na bado anapika? Mwanamke aliyekuwa na kibanda chake cha vitambaa Tandika, kikoba chake na mashoga zake, akipelekwa kwenye eka tano kilomita nne kutoka barabarani, anaweza kupoteza vyote vilivyokuwa vinamshikilia, huku mwenzake akisema hewa hapa ni safi. Nimesikia wanawake kadhaa wakilizungumza hili kwa sauti ya chini, na mara nyingi waume zao hawajui. Kama familia inahama, mazungumzo ya kweli yaanze na swali la kazi za kila siku zitagawanywaje, na mke atapata wapi pesa yake mwenyewe.

Kuna pia wale tunaowakuta huko. Kijana wa Kiwangwa anayepanda basi kuja Kariakoo kubeba mizigo anatafuta utulivu wa akili kama huyu anayepishana naye njiani. Anakimbia kusubiri mvua, ugomvi wa mipaka na kutokuwa na lake katika ardhi ya baba. Mijini tunakipamba kijiji kwa sababu tunakiona wikiendi na sikukuu. Msongo wa kijijini upo, ila hauna jina kubwa, na mara nyingi hauna mtu wa kuupokea. Tena tunapoingia na pesa zetu kununua eka tano tano, tunapandisha bei ya ardhi ambayo kijana huyo angeirithi au kuikodi. Anayeitafuta amani yake hapo anapaswa kulijua hilo, apite kwenye serikali ya kijiji na mkutano mkuu, awafahamu waliokuwa wakilichungia au kulilima eneo lile, asije akajenga utulivu wake juu ya kinyongo cha jirani.

Baada ya kuyapima yote, sioni sababu ya kumkatisha mtu tamaa. Ningemshauri tu aivunje ndoto vipande. Akodi eka moja kwa msimu mmoja kabla ya kununua, na msimu huo aukae mwenyewe, asiulime kwa simu. Aache mlango mmoja wa kipato ambao hautegemei mvua, hata kama ni mdogo. Achague kijiji chenye watu anaoweza kuzikana nao, hata kama ardhi yake haina rutuba kama ya porini. Na kama tatizo lake ni foleni, kodi na bosi, apige hesabu ya kuhama mtaa au kazi kwanza, maana pengine Morogoro mjini na bustani nyuma ya nyumba vingemtosha.

Kwa aliye kwenye matibabu ya sonona, au anayehisi hali yake imevuka uchovu wa kawaida, ningekuwa mkali zaidi. Asiache dawa kwa sababu amepata shamba, na asiondoke mjini akiwa katikati ya kipindi kibaya. Zahanati nyingi za vijijini hazina mtaalamu wa afya ya akili, na dawa alizozoea huenda asizikute. Kabla ya kulipia shamba afike hospitali ya wilaya ya kule anakokwenda, aulize kliniki ya afya ya akili inafanyika siku gani na dawa zake zinapatikana au la, kisha aulizie pale kijijini nyumba ya jirani wa karibu iko umbali gani.