Nguvu Unazo, Pumzi Huna

Neno stamina limekwisha kuwa letu. Wengi wetu tumelipokea kutoka kwa watangazaji wa mpira wa miguu, ambao zikifika dakika za lala salama husema kwamba timu fulani imeishiwa stamina, na msikilizaji huelewa papo hapo bila kufungua kamusi. Sina ugomvi nalo. Kinachonikera ni kulitumia kana kwamba ni jina jingine la nguvu, ilhali kuwa na nguvu ni jambo moja na kudumu nazo ni jambo jingine.

Tofauti hiyo nilifundishwa na ngazi. Tulikuwa wawili tukipandisha masanduku ya vitabu hadi ghorofa ya nne, mimi kijana mwenye mabega mapana, mwenzangu mzee mwembamba aliyenizidi umri kwa miaka isiyopungua thelathini. Sanduku la kwanza nililipandisha mbiombio nikamwacha nyuma. La pili nikaenda nalo mwendo wa kawaida. La tatu likaniketisha njiani, mdomo wazi, mapaja yakitetemeka. Mzee akanipita na sanduku lake, kwa mwendo uleule alioanza nao, akasema tu, "Nguvu unazo, mwanangu. Pumzi huna."

Hakusema stamina, wala hakulihitaji neno hilo. Pumzi inataja hasa kile kinachopungua, kwa sababu misuli inayofanya kazi kwa muda mrefu hudai oksijeni, na mapafu na moyo visipoweza kuifikisha kwa kasi inayotakiwa, mtu huanza kuhema na hatimaye husimama. Hata kitenzi kupumzika kimeibeba pumzi ndani yake.

Hata hivyo, pumzi peke yake haimalizi maana. Katika mbio za marathoni, ambazo ni kilomita 42 na mita 195, wakimbiaji wengi huelemewa baada ya kilomita ya 30 au zaidi kidogo, akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inapokaribia kwisha. Mtu huyo huenda hahemi sana, lakini miguu yake imekuwa mizito kama magogo. Hapo ndipo ninapoona neno ustahimilivu linastahili nafasi yake. Kustahimili kumetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi uleule uliotupa hamali anayebeba mizigo na mhimili unaobeba paa, na kwa hiyo anayestahimili ni mtu aliyejitwika uchovu wake mwenyewe na bado anakwenda. Ukakamavu, ambao baadhi ya waandishi huupendekeza badala yake, naona unamfaa zaidi askari wa gwaride. Mkimbiaji aliyekakamaa misuli ndiye anayekaribia kuanguka.

Ama matangazo ya dawa yanayoahidi stamina kwa wanaume, hayo yamelibana neno hadi likabaki na kazi moja tu, na siku hizi ukilitamka mbele ya watu wazima ni lazima uangalie nani anacheka.

Kinachonifurahisha ni kwamba stamina yenyewe, ukiifuata hadi Kilatini, ilikuwa na maana ya nyuzi. Warumi walisimulia habari za miungu wa kike watatu waliosokota uzi wa maisha ya kila mtu, wakaupima na kuukata muda wake ulipofika. Sisi hatukuwa na habari za nyuzi hizo, lakini tazama vitenzi vyetu: aliyechoka pumzi humkatika, na anayekufa hukata roho. Kukatika ni tabia ya kamba na uzi, nasi tumeipa pumzi bila kuombwa na mtu. Kwa hiyo anayesema "stamina imekata" hajaharibu lugha hata kidogo. Amelirudisha neno la kigeni kwenye uzi wake wa zamani, pengine bila kujua.

Mimi nitaendelea kusema stamina nikizungumzia mpira, na pumzi nikijizungumzia mwenyewe. Siku ile, nilipolifikisha juu sanduku langu la tatu, nilipishana na yule mzee akishuka taratibu kulifuata la nne.