Rigani yao, kivumbasi chetu

Wagiriki hawaoni haya kula majani ya porini. Rigani, ambayo wengi wenu mnaijua kama oregano ya kwenye pizza, huota yenyewe milimani kwenye mawe, mahali ambapo kiangazi chote mvua ni ya nadra. Hapa Athens, kwenye laiki, gulio la mtaa la kila wiki, utaikuta imefungwa mafungu na maua yake makavu, na muuzaji mzuri atakutajia mlima ilikotoka. Watu wanaulipia mlima huo, nami nawaelewa. Iliyokomaa kwa jua na kiu ina ukali ambao ile ya bustani yenye maji mengi haiufikii.

Huchumwa ikiwa imechanua, hutundikwa kichwa chini kivulini ikauke, kisha hufikichwa kwa viganja juu ya nyanya na jibini la feta, juu ya viazi vya ndimu, juu ya nyama ya kondoo. Iko jikoni kwa tajiri na kwa maskini.

Kwetu Tanga kivumbasi kinaota pembeni mwa njia. Ukikipangusa kwa mguu tu, kinanukia. Tunafukuzia mbu, tunajifukizia mafua, basi. Mrehani, ndugu yake, tumeupa heshima ya kuingia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipambia wanawake, pamoja na asumini, lakini mchuzini tunatia kiungo cha pakiti kutoka kiwandani. Hili linaniuma sana. Wanigeria wanapikia supu majani ya jamii hiyohiyo na wanayaonea fahari.

Wakenya wameshaonyesha kwamba mali ipo. Kule Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru walilima ndugu mwingine wa kivumbasi, wakatoa mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mimi ningeanza na samaki wa kuchoma: chumvi, ndimu, na kivumbasi kikavu kilichofikichwa. Mama lishe mmoja akithubutu, wateja watamfuata.

Ila wachumaji wenye pupa wa huku tusiwaige. Wanang'oa rigani na mizizi yake, hata sheria imebidi iwazuie. Kivumbasi kikipata bei, kikatwe kwa kisu, shina libaki lichipue tena.