Miguu inayowaka na dawa iliyopewa jina baya

Usiku ndipo nyayo zinapowaka. Shuka likigusa vidole ni kama miba, ilhali mchana mtu huyohuyo anakanyaga changarawe za mwaloni asisikie kitu. Mwenye kisukari wa Kirumba au Igombe, huku Mwanza, akirudi kutoka kliniki na amitriptilini, kidonge cha kupunguza maumivu hayo ya mishipa ya fahamu, hakosi wa kumwambia kwamba amepewa dawa ya vichaa. Kidonge kinabaki kwenye mfuko, yeye anakwenda duka la dawa kununua diklofenaki, ile ya maumivu na uvimbe, na vitamini B.

Wanaoikataa amitriptilini hawajakosa hoja. Ni kweli ilianza kama dawa ya sonona. Inakausha kinywa, inafunga choo, asubuhi kichwa kizito. Mzee mwenye tezi dume inaweza kumzuia mkojo, na mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho lazima daktari ajue kabla. Vitamini nayo si ya kubezwa: metformini, dawa ya kushusha sukari, ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo wenyewe huleta ganzi. Ila inamsaidia aliyepungukiwa tu.

Diklofenaki ndiyo ngumu kuitetea. Kazi yake ni uvimbe, na hapa hakuna uvimbe. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa na sukari ndio unaotuma habari za uongo. Wakati huohuo figo, ambazo sukari imeshazichosha, zinaongezewa mzigo.

Mwaka 2022 Uingereza ilitoa majibu ya utafiti wa OPTION-DM, wagonjwa 130, uliolinganisha kuanza na amitriptilini au na dawa nyingine mbili za maumivu ya mishipa ya fahamu, pregabalini na dulokzetini; ambaye ya kwanza haikumtosha aliongezewa ya pili. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yalishuka kutoka 6.6 hadi 3.3, na njia zote tatu zilikaribiana. Kwa hiyo kuanza na amitriptilini, hii ya bei nafuu, si jambo la maskini asiye na jinsi. Lakini itazame hiyo 3.3: si sifuri. Ni nusu, na nusu maana yake mtu analala. Anayengoja maumivu yaishe kabisa ataiacha dawa inayomfaa.

Wengi huiacha mapema zaidi, siku ya tatu. Usingizi na ukavu wa kinywa hutangulia. Nafuu huja baada ya wiki mbili hadi nne. Ndiyo maana huanzwa kidogo, miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, saa moja au mbili kabla ya kulala, kisha daktari anaongeza taratibu, mara nyingi hadi 25 au 75.

Mvuvi wa dagaa ana shida yake, maana usiku ndio kazi, na kusinzia ndani ya mtumbwi si mchezo. Azungumze na daktari aianze wakati wa mbalamwezi, karabai zikiwa zimepumzishwa, aujue mwili wake kwanza akiwa nchi kavu.

Maumivu yakipungua, ganzi haiondoki. Maji ya moto ya kuoshea miguu bado yapimwe kwa kiwiko, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na nyayo zitazamwe kila jioni kwa kioo, hadi katikati ya vidole.