Hatari ya homoni hailingani kwa kila mwanamke
Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema mwanamke anayetumia homoni baada ya hedhi kukoma anajitafutia saratani ya matiti, akaishia hapo. Sikubaliani naye. Hofu hiyo ilishika kasi 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamisha mapema sehemu yake ya wanawake waliopewa estrojeni (homoni ya kike) pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni, homoni nyingine ya kike). Ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, yaani wengi hedhi ilikoma zamani! Kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, hesabu ya jumla ya faida na hatari ni nyingine. Mimi nilikuwa naamka usiku nguo ya kulalia imelowa chapachapa, moyo unakwenda mbio, na kazini nasahau jina la mtu ninayekaa naye kila siku. Daktari alinipima presha, akaulizia damu kuganda na saratani ya matiti kwangu na kwa ndugu zangu, ndipo akaniandikia kibandiko cha estrojeni cha kuweka chini ya kiuno, kwa sababu vidonge ndivyo vinavyoongeza zaidi hatari ya damu kuganda. Akaongeza projesteroni kwa kuwa bado nina mfuko wa uzazi. Estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani humo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hashauriwi kabisa kuzitumia, na hilo ndilo makala ingelieleza. Wenzangu mnaozitumia, mliulizwa historia yenu kwanza au mlikabidhiwa vidonge tu?