COX-2 na mishipa ya damu katika saratani ya utumbo mpana: vipimo hivi viingie kwenye ripoti ya patholojia?

Utando wa kawaida wa utumbo mpana una COX-2 kidogo mno, ilhali vivimbe vingi vya saratani hapo vimejaa kimeng'enya hicho. Kazi yake ni kuigeuza asidi arakidoniki kuwa prostaglandini, na mojawapo, PGE2, huchochea utoaji wa VEGF, protini inayochipusha mishipa ya damu. Uvimbe ukipita milimita 1 au 2 hauwezi kukua bila mishipa yake. Kwa hiyo wanaotaka COX-2 na wingi wa mishipa viripotiwe wana hoja: tafiti kadhaa zimeviona vikiandamana na ugonjwa kusambaa na maisha kufupika.

Tatizo liko kwenye upimaji. Kipande cha tishu chenye unene wa mikroni 4 hivi hutiwa rangi kwa kingamwili ya CD31, CD34 au CD105, protini zilizo kwenye seli za ukuta wa mishipa ya damu. Msomaji hutafuta kwa ukuzaji mdogo eneo lililosongamana mishipa, kisha huhesabu kwa ukuzaji wa mara 200. Eneo huchaguliwa kwa jicho, na wasomaji wawili mara nyingi hawachagui lilelile. Kingamwili ya CD31 hushika hata makrofaji, ambazo ni seli za kinga. CD105 huelemea mishipa inayochipua, hivyo hesabu yake hailingani na ya CD34. Kwa COX-2, tishu iliyochelewa kutiwa formalini, dawa ya kuihifadhi, inaweza kufifia na kusomwa hasi. Na mpaka wa "juu" na "chini" ukiwekwa kwenye namba ya katikati ya wagonjwa wa utafiti mmoja, kwingine hauna maana.

Tiba nazo hazikuipa nadharia hii ushindi. Bevasizumabu, inayokamata VEGF, husaidia saratani iliyosambaa, lakini baada ya upasuaji haikuzuia ugonjwa kurudi katika majaribio ya C-08 na AVANT. Selekoksibu, dawa inayozuia COX-2, kwa miligramu 400 kwa siku kwa miaka 3, haikuleta faida ya uhakika kitakwimu kwa wagonjwa wa hatua ya tatu (jaribio la CALGB/SWOG 80702, 2021). Aspirini ya miligramu 160 katika jaribio la ALASCCA, 2025, ilipunguza kurudi kwa ugonjwa, ila wagonjwa walichaguliwa kwa mabadiliko ya jeni za PI3K, njia ya ishara inayochochea seli kukua, si kwa rangi ya COX-2. Tena dozi hiyo huzuia zaidi COX-1, kimeng'enya ndugu kilicho kwenye chembe sahani za damu!

Kwa utafiti, vipimo hivi viendelee. Kwa ripoti ya kila siku, tishu itumike kwanza kupima protini za MMR, zinazorekebisha makosa ya DNA, na kutafuta seli za saratani ndani ya vena, kwa rangi ya elastini (inayoonyesha nyuzi za ukuta wa vena) pale penye shaka, na tezi za limfu zihesabiwe zisipungue 12.